Mlima Mweusi: Undugu wa Maneno na Haki ya Ardhi Chini ya Meru

Kila mwaka, nikifika kwenye mada ya majina ya mahali, hapakosi mwanafunzi wa kuniuliza swali hili: je, Mlima Meru wetu ndio ule Meru unaotajwa katika vitabu vitakatifu vya Wahindu? Wengine huenda mbali zaidi. Huunganisha Meru na Meroe ya Sudan, au na Sumeri ya kale, kisha hujenga juu ya mfanano huo historia nzima ya uhamaji wa watu. Swali ni halali, nami sikusudii kulidhihaki. Nalijibu hapa kwa urefu kwa sababu nimeona kwamba nyuma yake huwa pamejificha swali jingine, lililo zito kuliko la isimu: nani ana haki ya kukaa hapa?

Nianze na Meru ya Kisanskriti. Katika maandiko ya kale ya India, Meru ni mlima wa dhahabu ulio katikati ya ulimwengu, makao ya miungu, nao jua na nyota huuzunguka. Wabudha waliurithi wakauita Sumeru au Sineru. Jina hilo lilisafiri, na njia zake zaonekana. Huko Java kuna volkano iitwayo Semeru. Huko Bali minara ya mahekalu yenye paa zilizopangwa moja juu ya nyingine huitwa meru. Minara ya Angkor Wat, hekalu lililojengwa Kambodia katika karne ya 12, inawakilisha vilele vya mlima huo. Kila lilikofika jina, yalifika pia mahekalu, maandishi ya mawe, masimulizi, majina ya wafalme na mamia ya maneno mengine ya Kisanskriti.

Sasa tuutazame mlima wetu, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500. Wakulima wa miteremko yake, ambao serikali huwaita Wameru, katika lugha yao hujiita Varwa, na lugha yenyewe ni Kirwa, ndugu wa karibu wa lugha za Wachaga. Wameru wa Kenya, walio upande wa mashariki wa Mlima Kenya, husema lugha nyingine, iliyo karibu na Kikuyu na Kiembu. Katika Kirwa hakuna tabaka la maneno ya Kisanskriti. Juu ya mlima hakuna hekalu wala maandishi. Jina limesimama peke yake, bila msafara.

Ni kweli kwamba Bahari ya Hindi ilituletea maneno ya Kisanskriti. Anayehesabu shilingi laki moja anatamka neno ambalo asili yake ni Kisanskriti, lililopitia lugha za India ya leo hadi kwa wafanyabiashara wa pwani. Lakini tazama jinsi neno hilo linavyojithibitisha: umbo linalingana, maana inalingana (elfu mia moja huko na elfu mia moja hapa), na njia inajulikana, kwani wenye maduka na wenye majahazi walikuwa wakihesabu hivyo. Vivyo hivyo chai. Mrusi husema chai, Mhindi husema chai, nasi twasema chai. Hilo halitufanyi ndugu wa Warusi. Neno lilitoka China pamoja na majani yenyewe, likapita Uajemi, likasambaa kila upande. Huo ni mkopo, na mkopo huacha nyayo.

Mfanano usio na nyayo ni sadfa, na sadfa katika maneno mafupi ni jambo la kawaida sana. Katika Kirusi, mera ni kipimo. Katika Kiswahili, kumera ni kuchipua. Hakuna mtu mwenye busara atakayedai kwamba mbegu yetu huchipua kwa kipimo cha Moscow. Sauti ambazo kinywa cha mwanadamu huzipenda ni chache, na lugha ni maelfu. Silabi mbili zenye m na r zitakutana mara nyingi bila kujuana.

Basi undugu wa kweli wa maneno hutambuliwaje? Jibu linashangaza: mara nyingi maneno yaliyo ndugu hayafanani vizuri. Mwaka 1786, jaji Mwingereza aitwaye William Jones aliwaambia wasikilizaji wake mjini Calcutta kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zinashabihiana katika mizizi ya vitenzi na maumbo ya sarufi kwa kiasi kisichoweza kuelezwa kwa bahati. Wanaisimu waliomfuata walionyesha kwamba Kislavi nacho kimo katika ukoo huo. Hawakuthibitisha hayo kwa kukusanya maneno yanayofanana masikioni. Walithibitisha kwa kuonyesha kwamba sauti fulani katika lugha moja hulingana na sauti fulani katika lugha nyingine, neno baada ya neno, kwa utaratibu.

Tuchukue neno lenyewe la mlima. Kirusi husema gora, Kiserbia gora, Kicheki hora. Kisanskriti husema giri. Kwa nini Kicheki kina h mahali pa g? Kwa sababu g ya Kislavi cha kale iligeuka h katika Kicheki kila mahali: kichwa ni golova kwa Kirusi na hlava kwa Kicheki. Huo ndio utaratibu ninaousema.

Nasi tunao wa kwetu. Kiswahili husema kilima, Kikuyu kĩrĩma, Kikamba kĩĩma. Kiswahili husema kulima, Kikuyu kũrĩma, Kikamba kũĩma. Palipo na l yetu, Mkikuyu ana r, na Mkamba ameiacha kabisa. Anayesikia kilima na kĩĩma kwa mara ya kwanza huenda asione undugu wowote, lakini wamezaliwa tumbo moja.

Maana nayo husafiri. Neno lile lile gora, kwa Wabulgaria, limekuja kumaanisha msitu, na mlima wakaupa neno jingine. Anayeishi chini ya Meru hawezi kushangaa: kwa mkazi wa miteremko, mlima na msitu ni kitu kimoja kwa sehemu kubwa ya mwinuko wake.

Tuongeze rangi. Neno la Kisanskriti la weusi ni krishna. La Kiserbia ni crn, la Kicheki ni černý. Masikioni hazikaribiani, lakini ni neno moja. Katika Kislavi, k ya kale ilipokutana na irabu za mbele ya kinywa ililainika ikawa ch, jambo lisilo geni kwetu tunaosema chakula na chombo mahali ambapo kiambishi ki- kimekutana na irabu. Kwa hiyo nchi ambayo dunia huijua kwa jina la Kitaliano, Montenegro, yaani Mlima Mweusi, wenyewe huiita Crna Gora. Na kusini mwa India, katika jimbo la Tamil Nadu, kuna mji uitwao Krishnagiri, Kilima Cheusi. Crna Gora na Krishnagiri ni majina yaliyo ndugu kwa viungo vyote viwili, rangi kwa rangi na mlima kwa mlima, ingawa hakuna sikio litakaloyatambua.

Hapa ndipo ninapomrudisha msomaji Momela. Kwenye maziwa ya Momela, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, mtu husimama baina ya milima miwili. Upande wa machweo umesimama Meru, ubavu wake wa mashariki umebomoka hata kasoko yake yaonekana wazi. Upande wa mawio, anga ikitakata, hujitokeza Kilimanjaro na barafu yake. Wamaasai huita kilele hicho cha Kibo Oldoinyo Oibor, Mlima Mweupe. Meru huuita Oldoinyo Orok, Mlima Mweusi. Majina haya mawili yanasomeka pamoja. Ni majina ya watu waliokuwa wakipita na mifugo katika uwanda ulio kati, wakahitaji kuitofautisha milima kwa macho. Mmoja una theluji, wa pili hauna.

Kwa hiyo tunayo milima mitatu myeusi: Crna Gora, Krishnagiri na Oldoinyo Orok. Miwili ya kwanza ni ndugu wa damu wasiofanana sura. Wa tatu si ndugu yao hata kidogo, kwa kuwa Kimaa ni lugha ya ukoo mwingine kabisa. Waliotoa jina waliona tu jambo lile lile walilopata kuliona wengine. Na mlima huo huo una jina jingine, Meru, linalofanana kwa sura na Meru ya Kisanskriti bila undugu wala mkopo unaoonekana. Mwenye kufuata sikio atakosea mara mbili: atawakana ndugu na kuwakumbatia wageni.

Majina ya Kimaa yanayouzunguka mlima wetu yanatupa pia mfano wa majina pacha yaliyo pacha kweli. Kenya kuna Nairobi, Nanyuki na Narok. Kwetu kuna Ngarenairobi, upande wa magharibi wa Kilimanjaro. Engare Nanyuki, jirani na Momela. Na Ngarenaro, ndani ya jiji la Arusha. Enkare ni maji, au mto. Nairobi ni ya baridi, nanyokie ni mekundu, narok ni meusi. Sarufi yenyewe hutoa ushahidi. Enkare katika Kimaa ni nomino ya kike, kwa hiyo sifa yake huanza na na-: narok. Oldoinyo, mlima, ni nomino ya kiume, kwa hiyo sifa yake huanza na o-: orok. Weusi wa maji ya Ngarenaro na weusi wa Mlima Meru ni mzizi mmoja uliovaa viambishi viwili. Ushahidi wa namna hii hauwezi kutungwa na shabiki wa mfanano. Ama upo katika lugha, ama haupo.

Majina haya yalikuwa yamekwisha kutolewa kabla Wajerumani na Waingereza hawajakubaliana, mwaka 1886, kuchora mstari kutoka pwani hadi Ziwa Viktoria na kuuzungusha Kilimanjaro. Mstari ulipita, na pacha wakagawanywa. Nairobi mmoja akawa makao makuu ya nchi, mwenzake akawa kata.

Sasa nifikie lile swali lililojificha. Ikiwa jina Engare Nanyuki ni la Kimaa, je, ardhi ya Engare Nanyuki ni ya Wamaasai peke yao? Na ikiwa Wameru wangeonyesha kwamba jina Meru lilitoka India au Sudan, wangekuwa na haki zaidi ya mlima huu, au pungufu? Nauliza hivyo kwa sababu nimesikia hoja za namna hii katika mabishano ya mipaka ya vijiji, na kwa sababu historia ya mahali hapa tayari imetoa jibu lake.

Mwaka 1947 tume iliyoongozwa na Jaji Mark Wilson, iliyochunguza masuala ya ardhi ya wilaya za Arusha na Moshi, ilitoa mapendekezo yaliyolenga kuzipanga upya ardhi za walowezi na za wenyeji ili za walowezi ziungane. Kwa mpango huo watu wa Engare Nanyuki walitakiwa kuondoka. Walikataa. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu watu wapatao 3,000. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaswagwa, na mingi ikafa. Mashamba yakakabidhiwa walowezi wachache wa Kizungu.

Wameru walichanga fedha. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi, walilifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Mtanganyika alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini akaeleza yaliyowapata watu wa kwao. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini shauri la Meru liliwafundisha Watanganyika wengi kwamba dola ya kikoloni inaweza kushtakiwa mbele ya dunia. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, ilikuta udongo uliokwisha kulimwa.

Tafakari hoja iliyobebwa na shauri hilo. Waliofukuzwa walisema Kirwa. Mahali walipofukuzwa paliitwa kwa Kimaa. Mlima uliowatazama ulikuwa na majina mawili yasiyohusiana. Kama haki ingepimwa kwa asili ya maneno, mawakili wa serikali wangeweza kuwaambia kwamba hata jina la kijiji chao si lao, hivyo wao ni wageni kama walowezi. Nguvu ya malalamiko yao ilitoka kwingine: walikuwa wakikaa pale, wakilima, wakichunga na kuzika wafu wao, nao wakaondolewa bila ridhaa ili wengine wanufaike kwa sababu ya rangi. Hayo yalitosha, na yanatosha hadi leo.

Rudi kidogo kwa Krishnagiri. Jina ni la Kisanskriti, lakini watu wake wengi husema Kitamil, lugha isiyo ya ukoo huo. Hali ni ile ile ya Engare Nanyuki. Jina la mahali hutuambia ni nani aliwahi kupita, kukaa, kunywesha mifugo au kutawala. Kumiliki ni suala lenye ushahidi wake.

Wanaodhani kwamba nazidisha hofu wakumbuke yaliyotokea watu walipogeuza maneno kuwa damu. Arya ni neno la Kisanskriti ambalo wasemaji wa kale walijiitia kwa heshima. Wasomi wa Ulaya wa karne ya 19 waligeuza jina la wasemaji wa lugha kuwa jina la mbari. Max Müller, bingwa wa Kisanskriti aliyechangia kulisambaza neno hilo, alipinga hadharani mwaka 1888, akisisitiza kwamba lugha si fuvu wala damu. Hakusikilizwa, na karne iliyofuata Wanazi walijenga juu ya neno hilo sera ya mauaji.

Jirani zetu wa Rwanda nao walilipa. Mwaka 1863 msafiri John Hanning Speke alichapisha nadharia yake kwamba watawala wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa uzao wa wavamizi kutoka Ethiopia. Nadharia hiyo ikaingia katika shule na ofisi za wakoloni. Ushahidi wa lugha haukuiunga mkono, kwa maana Watutsi, Wahutu na Watwa husema Kinyarwanda kimoja, lugha ya Kibantu. Lakini hadithi ya asili ya mbali ilipendeza wenye madaraka kuliko ushahidi wa karibu. Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alizungumzia hadharani kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ilibeba maiti.

Ndiyo maana siwezi kulichukulia swali la Meru na Sanskriti kama mchezo wa maneno. Kijana anayetafuta asili ya kabila lake India, Misri au Sumeri kwa kawaida anatafuta heshima. Amefundishwa, pengine bila kujua, kwamba heshima iko mbali, kwa watu waliojenga mahekalu na kuacha maandishi. Namwelewa, kwa sababu elimu ya kikoloni ilimwambia babu yake kwamba hana historia. Lakini anayetafuta heshima kwa njia hiyo anampa mpinzani wake silaha: ukikubali kwamba ulitoka mbali, yupo atakayekuambia urudi ulikotoka.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa wa ardhi, mipaka na ramani, nina ombi la kikazi. Andikeni majina kwa usahihi, na pale ambapo mahali pana majina mawili, yahifadhini yote mawili katika kumbukumbu. Engare Nanyuki ikiandikwa ovyo, kinachopotea ni ushahidi kwamba hapo maji ni mekundu na kwamba Kimaa kilisikika kando yake. Lakini katika shauri la nani akae wapi, ulizeni nani amelitumia eneo, kwa muda gani, kwa makubaliano gani, na nani ataumia. Msiulize jina la mto lilitoka lugha gani.

Kwa wanafunzi wangu, kazi ipo. Wazee wanaojua majina ya vijito, mabonde na malisho ya chini ya Meru kwa Kirwa na kwa Kimaa wanazidi kupungua. Chukueni daftari, mwende kata kwa kata, mwandike kila jina pamoja na maana anayoitoa mzee, na jina la lugha aliyoitumia. Mkiona jina linafanana na la India, liandikeni vilevile, kisha mtafute nyayo zake. Zisipoonekana, liacheni lilivyo na mwendelee na kijito kinachofuata.